Chumvi Inakula Mabati: Tuchunge Mali ya Kikundi

Kikundi kikichanga pesa hadi kipate ndoo, pampu ya kunyunyizia dawa na stoo ya mabati, wote hufurahi. Baada ya misimu michache ndoo inavuja na ukuta wa stoo umetoboka chini. Watu husema, "Mabati ya siku hizi ni mabaya." Mara nyingi kinachoyala ni chumvi.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki, tena nyembamba kuliko unywele. Zinki ikipata hewa na unyevu hujifanyia ngozi ya kijivu isiyong'aa. Ngozi hiyo ndiyo askari wa bati. Ikikaa salama, chuma hakishikwi na kutu upesi.

Tunaposema chumvi hatusemi ile ya mboga tu. Chumvi ya ng'ombe, mbolea ya CAN na mrututu wa kahawa zote ni aina za chumvi. Zikiyeyuka, zinavunja ile ngozi. Mbolea hata haingoji mvua, yenyewe huvuta unyevu wa hewani, hasa huku kwetu Nkubu wakati wa baridi na ukungu.

Mrututu umezidi, maana una shaba. Ukiukoroga kwenye ndoo ya bati, shaba inatoka majini na kushika ndoo, nayo zinki, kisha chuma, inaingia majini. Hasara ni mbili: ndoo inaliwa, na dawa inapungua nguvu, kahawa ikabaki bila kinga. Mkitaka kushuhudia, tieni msumari safi ndani ya mrututu ulioyeyushwa. Kwa dakika chache utageuka mwekundu. Msitumie chombo cha jikoni, na watoto wakae mbali, kwani ni sumu.

Basi tufanye hivi:

1. Mrututu tuukoroge kwenye pipa la plastiki.

2. Magunia ya mbolea na chumvi tuyapange juu ya mbao, mbali na ukuta wa mabati. Iliyomwagika tuifagie siku hiyo hiyo.

3. Pampu tuisuuze mara tatu kila baada ya kazi. Maji hayo yasimwagwe karibu na mto au kisima.

4. Penye kutu, tukwangue, tuoshe kwa maji safi, tukaushe, ndipo tupake rangi. Rangi ikipakwa juu ya chumvi itabanduka.

Mali ya kikundi ni jasho la wengi. Kwenye mkutano ujao, chagueni mmoja wa kuangalia stoo kila mwezi.