Bango Lililotakiwa Kurudishwa

Machi 1941, kampuni ya Republic Pictures ya Hollywood ilianza kuonyesha filamu ya mfululizo iitwayo Adventures of Captain Marvel: sehemu 12, kila wiki sehemu moja, na Tom Tyler ndani ya vazi la shujaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kutoka vitabu vya katuni kuigizwa na binadamu kwenye filamu. Kila sehemu ilikuwa na bango lake. Mchoro mkuu ulibaki uleule, ila picha ndogo ya tukio la wiki hiyo ilibadilishwa. Watoto waliokuwa wakiyakodolea macho huku wakisubiri mlango ufunguliwe hawangeweza kuyanunua hata kama wangekuwa na hela, kwa sababu hayakuuzwa. Yalikuwa vifaa vya kazi vya ukumbi, kama fagio na ndoo ya mhudumu.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mkusanyaji mpya hulikosa. Hudhani bei ya bango hupandishwa na umaarufu wa shujaa aliyechorwa. Kumbe Captain Marvel wa 1941, ambaye vijana wengi wa leo hawajawahi kumtazama, huwafanya wakusanyaji wazee watoe fedha nyingi, ilhali Batman wa 1989, anayejulikana hata na bibi wa kijijini, hupatikana katika bango halali kwa fedha za mtu wa kipato cha kawaida. La kwanza karibu kila mtu alilitupa. La pili karibu kila mtu alilihifadhi.

Kuanzia mwaka 1940 hivi hadi katikati ya miaka ya 1980, usambazaji wa mabango mengi ya sinema nchini Marekani ulikuwa mikononi mwa National Screen Service, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1920. Mwenye ukumbi aliyapokea, akayabandika, na filamu ilipomaliza zamu yake akatakiwa kuyarudisha. Onyo lilichapwa kwa herufi ndogo chini ya bango lenyewe: hii ni mali ya kampuni, imetolewa kwa ajili ya kutangaza filamu hii tu, irudishwe mara moja. Lililorudi likiwa zima lilipelekwa mji mwingine, kisha mji mdogo zaidi, mpaka likachakaa. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, kampeni za kukusanya karatasi kuukuu zikameza mengi ya yaliyobaki.

Yaliyosalimika yalisalimika kwa uzembe wa mtu fulani. Huko Berwick, Pennsylvania, kulipatikana bunda la mabango 33 ya miaka ya mwanzo ya 1930, yameshikamana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mwenye ukumbi hakujisumbua kubandua la wiki iliyopita; alibandika jipya juu yake, wiki baada ya wiki. Wataalamu waliyatenganisha moja moja, na mwaka 2012 yakauzwa mnadani kwa jumla ya zaidi ya dola 500,000. Hayakuwa ya mashujaa wa katuni, kwani Superman mwenyewe hakuwa amezaliwa bado. Lakini hata leo rekodi kubwa za minada ni za filamu za umri huo: bango moja la Dracula ya 1931 liliuzwa kwa dola 525,800 mwezi Novemba 2017.

Ukishaelewa safari ya bango, alama zake huanza kusomeka. Chukua mikunjo. Mgeni huiona kama kasoro, na wauzaji wasio waaminifu wanajua hivyo. Bango la kawaida la kumbi za Marekani lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, yaani sentimita 69 kwa 104, na lilikunjwa kabla halijamfikia mwenye ukumbi: mikunjo mitatu ya kukata upana, mmoja wa kufuata urefu, vipande 8. Ndivyo lilivyosafirishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo mabango yalipoanza kutumwa kwa wingi yakiwa yamevingirishwa ndani ya mirija ya karatasi ngumu, na katikati ya muongo huo urefu ukapungua inchi moja, ukawa 40. Kwa hiyo bango la Batman ya 1966, ile ya Adam West na Burt Ward, likiletwa sokoni nyororo bila hata alama ya mkunjo, mnunuzi asishangilie haraka. Yapo yaliyosalimika bila kukunjwa, lakini ni machache kuliko yanayodaiwa.

Kuna pia namba. Kwenye mabango yaliyopita mikononi mwa National Screen Service, ukingoni mwa chini, kwa kawaida upande wa kulia, zimechapwa tarakimu mbili za mwaka, mkwaju, halafu namba ya filamu. Herufi R ikitangulia, maana yake filamu ilirudishwa kumbini miaka ya baadaye na bango ni la mara hiyo. Bango la namna hiyo si la bandia hata kidogo. Ni la asili, ila ni la onyesho la pili, na bei yake kwa kawaida huwa chini. Muuzaji anayeificha kona hiyo kwa fremu au kwa kidole wakati wa kupiga picha ana sababu yake.

Kifaa kinachomsaidia mkusanyaji kuliko vyote ni kioo kidogo cha kukuzia, kile cha masonara. Akikiweka juu ya uso wa shujaa, ataona vitone vya rangi nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, vimepangwa kwa utaratibu. Hapo hakuna cha ajabu. Ndivyo picha zinavyochapwa kiwandani. Asogeze kioo hadi kwenye majina madogo ya waigizaji na mafundi yaliyo chini. Kwenye bango la asili, herufi hizo nyeusi kwa kawaida zimechapwa kwa wino mzito usiokatika, kingo zake kali. Anayeghushi hupiga picha bango zima, na mashine yake haitofautishi pua ya Batman na jina la mshona mavazi: vyote vinageuka vitone. Herufi huonekana kama zimeng'atwa na mchwa pembeni. Zipo hata nakala ambazo mikunjo ya bango la asili imenaswa na kuchapwa pamoja na picha. Jicho linaona mkunjo, kidole kikipita juu yake hakihisi kitu.

Kabla ya kioo, futi ya fundi cherehani ingetosha kuondoa nusu ya matapeli. Mabango ya kupamba vyumba yanayouzwa madukani huwa ya inchi 24 kwa 36. Hayo yalitengenezwa yauzwe, hayakuwahi kutundikwa kwenye ukumbi kwa ajili ya kutangaza filamu, na hakuna ubaya kuyapenda. Ubaya uko kwenye kuyauza kwa jina la mengine.

Batman ya 1989 inastahili kutazamwa kwa karibu kidogo. Filamu ilitoka Juni 23 mwaka huo, na bango lake la awali halikuwa na jina la filamu. Lilikuwa na nembo ya popo, nyeusi ndani ya duaradufu la dhahabu, kazi ya Anton Furst aliyebuni pia mandhari ya filamu, na chini yake tarehe tu. Wapo waliolitazama haraka wakaona mdomo uliofumbuliwa badala ya popo. Hata hivyo lilipendwa mno, na kulikuwa na taarifa za watu kuvunja vioo vya vituo vya mabasi ili kuiba mabango. Kufikia wakati huo biashara ilikuwa imebadilika: maduka ya vitabu vya katuni yalikuwa katika miji mingi ya Marekani, mashabiki walijua kwamba karatasi za aina hii zina thamani, na wafanyakazi wa kumbi walijua wa kumpelekea. Mengi yakaingia kwenye mirija siku ileile yalipofika. Ndiyo sababu yapo tele, na ndiyo sababu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Ni bango zuri kweli, la asili, na kulipata hakuhitaji kuuza kiwanja.

Kinyume chake ni kisa cha Spider-Man. Filamu ilipangwa kutoka Mei 2002, na bango la kuitangaza mapema lilisambazwa mwaka 2001. Lilionyesha kichwa cha Spider-Man kwa karibu, na katika macho yake ya kioo ukaakisiwa mji wa New York, minara miwili ya World Trade Center ikiwemo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Sony iliagiza mabango hayo yaondolewe na kurudishwa. Tangazo la video lililoonyesha helikopta ikinaswa kwenye utando uliotandwa kati ya minara hiyo nalo likaondolewa. Si kila ukumbi ulitii. Mabango yaliyobaki yakawa miongoni mwa yanayotafutwa zaidi kati ya filamu za mashujaa za karne hii, na kwa hiyo miongoni mwa yanayoghushiwa zaidi. Wauzaji huyaita adimu kupita kiasi. Kwa kweli hujitokeza sokoni mara kwa mara, na anayesubiri hapungukiwi nafasi.

Mabango ya kipindi hicho yana kipimo kingine cha uhalali: mgongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kumbi nyingi zilianza kuweka mabango ndani ya masanduku yenye taa nyuma. Mwanga ukipita kwenye karatasi ya kawaida, rangi hupauka. Wachapaji wakaanza kuchapa picha upande wa pili pia, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazama na kwa rangi hafifu zaidi, ili taa ikiwaka pande zote mbili zishirikiane. Bango la filamu ya Marvel ya miaka ya karibuni lenye mgongo mweupe linahitaji maswali, ingawa si hukumu, kwa kuwa yapo pia ya asili yaliyochapwa upande mmoja.

Si wote wanaokusanya kwa ajili ya uadimu. Wengine hufuata wachoraji. Superman ya 1978, iliyomtambulisha Christopher Reeve, ilitangazwa kwa kazi ya Bob Peak, mchoraji aliyekwisha kufanya mabango ya West Side Story na My Fair Lady. Ukilitazama lake kando ya yale ya Superman ya mfululizo ya 1948, unaona miaka thelathini ya mabadiliko. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilikuwa na fedha kidogo kiasi kwamba shujaa akiruka aligeuzwa mchoro wa katuni, na mwigizaji Kirk Alyn hakutajwa kama Superman: studio ilijifanya imempata Superman mwenyewe. Wengine hufuata nchi. Uingereza ilitumia bango la kulala, inchi 30 kwa 40, na umbo hilo liliwalazimisha wabunifu kuipanga picha upya. Japani ilichapa mabango madogo kidogo, takriban inchi 20 kwa 29, ambayo kwa mwenye chumba kimoja cha kupanga ni rahisi zaidi kutundika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Black Panther ya 2018 ina mvuto wake. Bango la kwanza, lililotolewa Juni 2017, lilimwonyesha T'Challa ameketi kwenye kiti cha enzi, na watazamaji wengi Marekani wakakumbuka mara moja picha maarufu ya Huey Newton, kiongozi wa chama cha Black Panther, akiwa kwenye kiti cha matete, mkuki mkono mmoja na bunduki mwingine. Baadaye yakaja mabango ya wahusika mmoja mmoja, likiwemo la Nakia, yaani Lupita Nyong'o, na Februari 2018 filamu ikaonyeshwa kwa shamrashamra Kisumu, nyumbani kwa wazazi wake. Kwa bei, mabango haya bado hayatishi. Yalichapwa mengi.

Lipo pia soko la matoleo maalumu ya kuchapwa kwa skrini ya hariri, kama yale ya Mondo, kampuni iliyoanzishwa Austin, Texas, yenye idadi ndogo na namba ya kila nakala. Mengine ni mazuri kuliko mabango ya studio. Ila uadimu wake umepangwa tangu mwanzo, na anayeyanunua akitarajia historia ya ukumbini ndani yake atakuwa amelipia kitu kingine.

Kilichobaki ni kulitunza bango, na hapa pwani ya Dar es Salaam au Mombasa ina ukali wake. Unyevu huleta ukungu, na karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa rojo la mbao ina asidi inayoifanya iwe ya manjano na kumeguka yenyewe hata isipoguswa. Jua ni baya zaidi: nyekundu na njano hutangulia kufifia, na baada ya miaka michache shujaa hubaki wa buluu. Fremu isigusane na ukuta wenye unyevu, kioo kiwe cha kuzuia miale ya jua, na karatasi ya nyuma isiwe na asidi. Gundi ya selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka kirahisi. Kulifunika kwa plastiki ya moto, kama kitambulisho, ni kuliua.

Bango lililochanika sana hupelekwa kwa fundi wa kulibandika kwenye turubai: huoshwa, hupunguzwa asidi, huwekwa juu ya karatasi nyembamba ya Kijapani, kisha turubai ya pamba, kwa gundi ya unga wa ngano inayoweza kuyeyushwa kwa maji siku mtu akitaka kulirudisha lilivyokuwa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri husawazisha mikunjo na kuziba matundu. Wengi huikimbilia mapema mno. Bango la miaka ya 1970 lenye mikunjo safi na matundu manne ya pini kwenye kona halihitaji fundi. Linahitaji bahasha ya poliesta na kabati lisilopata joto. Fundi akimaliza, rangi mpya aliyopaka iandikwe imepita wapi, kwa sababu atakayelinunua kesho ataweka kioo chake cha sonara palepale.