Je, Wajua? Metali Inayochagua Rangi za Nuru

Dhahabu ni ya njano, sivyo? Basi ipunguze hadi chembe za nanomita 20, uzitie majini, uone: maji yote mekundu! Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000.

Hapo hakuna rangi iliyotiwa. Nuru ikiipiga chembe ya dhahabu, elektroni zake huru huyumba zote kwa pamoja, zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde moja! Myumbo huo ndio huitwa plazmoni: unanasa nuru ya kijani, nyekundu inapita zake.

Wadhani hayo ni ya dhahabu tu? Chembe za fedha zikiwa duara, maji huwa ya njano. Fedha ileile ikifanywa vipembetatu bapa, maji huwa ya bluu. Umbo limebadilika, rangi nayo imehama!

Sasa tia chumvi kwenye yale maji mekundu ya dhahabu. Chembe zinashikamana, na mbele ya macho yako maji yanageuka bluu. Hujaongeza tone la rangi!

Mwanasayansi Michael Faraday aliyachunguza maji hayo jijini London mwaka 1857. Chupa yake ingali imehifadhiwa Royal Institution hadi leo, na dhahabu iliyomo bado ni nyekundu. Zaidi ya miaka 160, haijachuja!

Lakini Warumi walimtangulia Faraday kwa miaka 1,500! Kikombe cha Lycurgus, kilichotengenezwa karne ya 4, ni cha kijani ukikimulika kwa mbele. Weka taa ndani yake, kinawaka chekundu. Siri ni chembe za dhahabu na fedha ndani ya kioo, nyingi zikiwa na upana wa nanomita 50 hadi 100. Kipo British Museum, nenda ukakitazame.

Na hesabu ya rangi hizi je? Ilisubiri hadi mwaka 1908, Mjerumani Gustav Mie alipoonyesha kwa milinganyo jinsi chembe ndogo ya dhahabu inavyonasa na kutawanya nuru. Wanafizikia wanaitumia hadi leo.

Kaa vizuri, hili ni zito. Mwaka 1998 mwanasayansi Thomas Ebbesen na wenzake walitoboa bamba jembamba la fedha matundu ya nanomita 150, kisha wakalimulika. Nuru iliyotokea upande wa pili ilizidi ile iliyoangukia matundu yenyewe! Wewe umewahi kuona chekecheke linalopitisha unga hata ule ulioangukia penye bati? Plazmoni ndizo zilizoikusanya nuru juu ya fedha na kuipenyeza matunduni.

Tena bamba la namna hiyo huchagua. Sogeza matundu yakaribiane, inapita bluu. Yaachanishe kidogo, inapita kijani. Zidisha tena, inapita nyekundu. Metali ni ileile, umbali tu ndio umebadilika!

Usidhani ni lazima iwe metali ya bei. Alumini, ya sufuria za nyumbani, inafanya kazi hiyohiyo. Utando wa nanomita kama 150 unatosha kuwa kichujio cha rangi cha kamera, na rangi hiyo haipaushwi na jua, kwa sababu hakuna rangi iliyotiwa ya kupauka.

Printa ya ofisini hutoa kama nukta 600 kwa inchi moja. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walichapa picha ya rangi yenye nukta 100,000 kwa inchi! Picha nzima ilikuwa na upana wa nanomita 50,000, ingeenea juu ya unywele wako. Na wino? Hata tone: vinguzo vidogo vilivyofunikwa fedha na dhahabu tu.

Hili la mwisho umeshaliona kwa macho yako. Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu likishawekwa, mara nyingi ni chembe za dhahabu zilizokusanyika pamoja! Hazihitaji umeme wala darubini, plazmoni zinakupa jibu kwa dakika chache hapo hapo zahanati. Kwa hiyo wakiuliza nani amewahi kuona dhahabu nyekundu, nyoosha mkono juu!