Mkaa wa Mabaki ya Mazao: Moshi Hupungua, Sumu Hubaki

Kisongo ipo magharibi mwa Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Makuyuni. Mahindi yakishavunwa huko, mabua huliwa na mifugo, lakini magunzi hubaki bila kazi kubwa. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, kahawa huacha maganda, na mashine za kupasua mbao huacha maranda na vumbi la mbao. Mabaki hayo yote yaweza kugeuzwa kuwa mkaa mbadala, na miti ikasalimika.

Utengenezaji wake si mgumu. Mabaki makavu huunguzwa ndani ya pipa lenye matundu machache, ili yageuke makaa pasipo kuwa majivu. Makaa hayo husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo ili yashikamane, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha huanikwa juani mpaka yakauke kabisa. Mkaa usiokauka huwaka kwa shida na kufuka moshi. Vilevile, vumbi la mbao lililoshindiliwa bila kuunguzwa kwanza hutoa moshi kama kuni.

Faida yake kwa afya ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5. Moshi wa kuni huchangia nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta maradhi sugu ya mapafu, ya moyo na kiharusi. Mkaa ulioungua vizuri hupunguza moshi huo.

Hata hivyo, kupungua kwa moshi si kwisha kwa hatari. Mkaa wowote, uwe wa mti au wa magunzi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Meru huwashawishi watu kuingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Jiko lisilofuka moshi huonekana salama, na hapo ndipo linapoua watu usingizini.

Mhudumu wa afya hana budi kuikumbuka sumu hii. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua pamoja asubuhi, aulize kuhusu jiko. Asikitegemee kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kwani hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na ile iliyotekwa na sumu. Chaweza kuonesha asilimia 98 ilhali mgonjwa yu taabani. Mgonjwa aondolewe mahali penye gesi, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa bila kuchelewa, na apelekwe hospitali. Mjamzito aangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni hudhurika upesi.

Watengenezaji nao wajilinde. Kuunguza kufanyike nje, mbali na nyumba. Wanaosaga wafunike pua na mdomo. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya wadudu, pamoja na plastiki, zisitumike kamwe, kwa sababu moshi na majivu yake huwa na sumu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya ambayo bado haimudu gesi wala umeme, mkaa wa mabaki ni hatua njema, mradi jiko liwekwe penye hewa ya kutosha na lisilale na watu chumbani.