Chembe moja ya damu inavyoamua maisha ya familia Jinja na Mbale

SOMO la seli huja mwanzoni kabisa katika vitabu vingi vya baiolojia, na huenda ndilo linalosahaulika haraka kuliko mengine. Mwanafunzi huchora duara, akaweka kiini katikati, akaandika ‘utando wa seli’ pembeni, akapata alama zake, kisha akafunga daftari.

Lakini mashariki mwa Uganda, kuanzia Jinja hadi Mbale, zipo familia zinazoishi na somo hilo usiku na mchana. Nimepita huko hivi karibuni, nami naamini kwamba mchoro ule ungeelezwa vizuri zaidi, vilio vingi vingepungua.

Mjini Jinja, pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, nilizungumza na vijana wachache wa sekondari. Niliwaomba wanitajie sifa za viumbe hai. Walizitaja zote 7 bila kusita: kujilisha, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaliana na kutoa taka mwilini.

Nikawauliza: je, chembe nyekundu ya damu ni hai? Hapo wakatazamana. Mmoja alisema ni hai kwa sababu ni seli. Mwenzake akampinga, kwamba haina kiini wala haizai chembe nyingine, sasa itakuwaje hai?

Kila mmoja alikuwa na hoja. Chembe nyekundu ya binadamu hutupa kiini chake kabla ya kuanza kazi, ili ipate nafasi kubwa ya kubeba himoglobini, yaani protini inayochukua oksijeni kwenye mapafu na kuifikisha mwili mzima. Haigawanyiki tena. Hata hivyo, hutumia sukari kupata nguvu, hutoa taka zake na kutunza utando wake kwa siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuvunjwa. Uboho wa mifupa hutengeneza nyingine kufidia, takriban milioni 2 kila sekunde.

Kwa hiyo chembe hiyo ni hai, ila uhai wake ni wa mtumishi. Inaishi ili seli nyingine ziishi.

Umbo lake ndilo siri ya kazi yake. Ni mviringo, imebonyea katikati pande zote mbili, tena ni laini kiasi cha kujikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Ikipoteza umbo hilo, taabu huanza.

Himoglobini ya mtu mzima imejengwa kwa minyororo ya asidi amino, mithili ya shanga kwenye uzi. Mmoja wa minyororo hiyo una shanga 146. Katika ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, shanga ya 6 tu ndiyo iliyobadilika: mahali pa asidi glutamiki imekaa valini. Shanga nyingine zote ziko sawa.

Badiliko hilo dogo linatosha. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, hushikamana na kujipanga kama vijiti virefu, na chembe hupinda kama mundu. Haipenyi tena kwenye mishipa midogo, bali huiziba. Badala ya siku 120, huishi siku 10 hadi 20 tu, na damu hupungua mwilini.

Sasa rudia zile sifa 7, ndugu msomaji, uone zinavyoguswa kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Oksijeni haifiki vizuri kwenye seli zake, hivyo nguvu ya chakula haipatikani ipasavyo. Hukua polepole na hata kubalehe huchelewa. Mifupa humuuma hata kutembea kukamshinda. Figo huharibika, na mshipa wa ubongo ukiziba anaweza kupooza. Hitilafu ya seli moja imekuwa hitilafu ya mwili mzima.

Kwenye teksi ya abiria iliyotutoa Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi, nilikaa karibu na mama aliyepakata mtoto mwenye macho ya njano. Kila baada ya muda alimpa maji ya kunywa.

“Mzee wangu, huyu nilimzaa mzima kabisa,” aliniambia. “Miezi ya kwanza hakuugua. Halafu vidole vikavimba, na wakwe wakaanza kuuliza ukoo wetu una laana gani.”

Hakuna laana hapo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haina kasoro hii. Himoglobini hiyo humlinda kwa miezi michache baada ya kuzaliwa, kisha hupungua na ile ya kudumu kushika nafasi. Ndiyo maana dalili nyingi huanza kuonekana baada ya miezi 6 hivi.

Wala si kosa la mama peke yake. Kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AA hana tatizo. Mwenye AS amebeba jeni moja yenye kasoro, lakini kwa kawaida haumwi. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Baba wa AS akizaa na mama wa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Bahati nasibu hiyo huanza upya kila mimba; mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika.

Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli 97,631 za damu ya watoto wadogo nchi nzima, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walibeba jeni hiyo na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Kusini-magharibi wabebaji walikuwa asilimia 4.6. Katika ukanda wa mashariki-kati, ambako ndiko Jinja iliko, walifika asilimia 19.8, yaani karibu mtu 1 kati ya 5. Kwa kiwango hicho, watu wakioana bila kupima, takriban ndoa 4 kati ya 100 zitawakutanisha AS wawili.

Kwa nini huko zaidi? Jibu ni malaria. Mwaka 1954, Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alieleza kwamba mwenye AS hupata kinga dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, wabebaji waliokoka utotoni na kurithisha jeni yao. Kijidudu cha malaria nacho ni seli moja tu, inayojilisha na kuzaliana ndani ya chembe nyekundu.

Mbale, mji ulio chini ya mwamba wa Wanale, una habari njema. Ulikuwa mmoja wa vituo vinne vya Afrika, pamoja na Kilifi, Kinshasa na Luanda, vilivyojaribu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto 606. Dawa hiyo huurudisha mwili kutengeneza himoglobini ile ya utotoni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu hivi, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Jinja nako utafiti wa dawa hiyohiyo ulionyesha kwamba watoto huhitaji kuongezewa damu mara chache zaidi.

Hata hivyo, dawa haifuti jeni. Mtoto anahitaji kliniki kila mara, maji ya kutosha, chandarua na kinga ya malaria, na kukimbizwa hospitali anapopata homa.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Vijana wa Busoga na Bugisu, na sisi wengine wa Afrika Mashariki, tuulizane kuhusu AS kabla ya kupeleka mahari. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Na kwa ambao tayari mtoto wao ni mgonjwa, baba akae na mama kwenye benchi la kliniki, maana herufi moja kati ya zile mbili imetoka kwake.