Mshumaa hautambui kila gesi

Kando ya Goma, mashariki mwa Kongo, kuna vibonde ambavyo wenyeji huviita mazuku, na watoto hukatazwa kuvikaribia alfajiri. Mbuzi akishuka kula majani huanguka, na anayemfuata ili kumtoa huweza kulala papo hapo. Hakuna moshi wala harufu. Kinachoua ni kaboni dayoksaidi inayovuja ardhini katika eneo la volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Gesi hii ina uzito wa kama mara moja na nusu ya hewa, hivyo hutuama bondeni kama maji, hasa usiku usio na upepo. Mtu mzima aweza kupita salama huku mtoto aliye kando yake amezama.

Pua haisaidii hapo. Gesi isiyo na harufu hujulikana kwa kazi yake: oksijeni hufufua kijiti chenye kaa, na kaboni dayoksaidi ikipita katika maji maangavu ya chokaa huyageuza meupe kama maziwa.

Ili kupima hewa kisimani, wachimba visima wengi hutumia njia ya wazee, kuteremsha mshumaa au kibatari. Ukizimika, hawashuki. Wana haki. Lakini mshumaa unaowaka si ruhusa ya kushuka, kwani kaboni dayoksaidi ikifika asilimia 10 ya hewa yaweza kumpotezea mtu fahamu kwa dakika chache, na huenda mshumaa bado unawaka.

Kwa kaboni monoksaidi, gesi ya jiko la mkaa, mshumaa ni bure kabisa. Gesi hii haiuzimi, wala haibadilishi maji ya chokaa. Hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na aliyelala huenda asiamshwe hata na maumivu ya kichwa. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walibeba ndege aina ya kanari, aliyelegea kabla yao, hadi miaka ya 1980. Leo kuna kifaa kidogo chenye kihisio: gesi ikikigusa huzalisha umeme kidogo, na king'ora hulia.

Wewe unayeishi Njombe au Limuru, baridi ikizidi usiku huu, ongeza blanketi. Jiko la mkaa litoe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamekuwa majivu.