Konokono Hazaliwi na Kichocho: Majibu kwa Wenye Mabwawa ya Samaki Mulekera

Mvua zinapokolea, maswali ya wasomaji wa Mulekera, hapa Beni, huanza kufanana. Mtu amechimba bwawa bondeni nyuma ya parseli yake, ametia vifaranga vya tilapia, na baada ya miezi michache ukingo wote umejaa konokono ambao hakuna aliyewaleta. Mwingine ana tangi la kioo sebuleni, amelisugua mwenyewe mpaka likang'aa, na bado asubuhi anakuta vikonokono vinatambaa kwenye kioo. Wote wanataka kujua mambo matatu: wametoka wapi, kama watoto wataugua kichocho, na sumu gani imwagwe. Swali la tatu ndilo linalonitisha, maana wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kumwaga.

Mabwawa haya si anasa. Usalama ulipoharibika kandokando ya Beni, familia nyingi zilishindwa kufika kwenye mashamba yao ya mbali, na kipande cha bonde kilicho karibu na nyumba kikapata thamani mpya. Inauma kuona mtu anaua samaki wa mwaka mzima kwa ushauri aliopewa sokoni.

Tuanze na asili yao. Konokono wa maji hawashuki na mvua, hawazaliwi na tope, wala hawatumwi na jirani mwenye kijicho. Wanaletwa na mikono yetu, wakiwa mayai. Mayai hayo yamo ndani ya utelezi unaoangaza, umebandikwa chini ya majani ya magugu maji, na ni mdogo kiasi kwamba jicho lisilozoea huupita bila kuuona. Magugu uliyochukua mtoni ili samaki wapate kivuli, wavu ulioazima bila kuukausha, ndoo ya vifaranga iliyotoka bwawa la mwingine: njia zote hizo zinatosha. Na haihitajiki jozi. Konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus wana uume na uke katika mwili mmoja, na akiwa peke yake anaweza kujitungisha mimba na kutaga. Melanoides tuberculata, yule mwenye kombe refu lenye ncha, majike wake huzaa watoto hai bila dume. Mchana hujichimbia kwenye mchanga, ndiyo maana mwenye tangi huapa kwamba hana konokono hata mmoja. Amulike kwa tochi saa nne za usiku, ataona.

Si wote wana hatari. Mwenye kombe bapa lililojikunja kama sahani ndogo huenda ni Biomphalaria, na huyu ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Ukimshika mwenye kombe la kuchongoka, ncha juu na mdomo ukikutazama, angalia mdomo uko upande gani. Ukiwa kushoto, anaweza kuwa Bulinus, mbebaji wa kichocho cha mkojo, au Physa asiyebeba kichocho chochote. Ukiwa kulia na kombe ni jepesi lenye mdomo mpana, huenda ni Lymnaea, ambaye husambaza minyoo ya ini ya ng'ombe na mbuzi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba konokono bapa hunyonya damu ya watu, kwa kuwa ukimponda hutoa majimaji mekundu. Wekundu huo ni wa damu yake mwenyewe: ana himoglobini kama sisi, inayomsaidia kupata oksijeni katika maji mazito ya bwawa. Hajawahi kunyonya mtu.

Sasa lije jambo ambalo kila mwenye bwawa alijue kabla ya lingine lolote. Konokono hazaliwi na kichocho. Yai lake halina kimelea, na mtoto anayetoka ndani yake ni safi. Atabaki safi mpaka kufa kwake ikiwa hakuna kinyesi wala mkojo wa mgonjwa unaofika kwenye maji yake. Binadamu ndiye anayemwambukiza konokono kwanza.

Inakuwa hivi. Yai la kimelea linatoka na choo cha mgonjwa na kuangukia majini. Linapasuka, na kinatoka kiluwiluwi chenye vinyweleo vya kuogelea ambacho kina saa chache tu za kuishi. Ndani ya saa hizo lazima kimpate konokono wa aina yake hasa, kwa kufuata kemikali anazoziachia majini. Kikimpata, kinatoboa ngozi yake na kugeuka kifuko. Kifuko kinazaa vifuko vingine, navyo vinahamia kwenye ini la konokono. Baada ya mwezi au zaidi kidogo, konokono yule aliyeingiwa na kiluwiluwi kimoja anaanza kutoa serkaria, vijidudu vyenye mkia wa panda, mamia na hata maelfu kwa siku, na wote ni nakala moja, wa jinsia moja. Yeye mwenyewe huishia karibu kuacha kabisa kutaga, kwa sababu nguvu ya kutengeneza mayai imetekwa na mgeni. Serkaria wa kichocho cha tumbo hutoka kwa kuamshwa na mwanga, na hufikia kilele karibu na saa sita mchana, yaani wakati uleule watoto wanapotoka shule na kuruka majini. Hawali chochote. Wanaishi kwa akiba ya sukari waliyozaliwa nayo, na baada ya siku moja au mbili wamekufa. Wakigusa ngozi ya mtu, wanaacha mkia nje na kuingia katika muda wa dakika. Wajapani Miyairi na Suzuki waligundua mwaka 1913 kwamba bila konokono mzunguko huu haufungi, na Robert Leiper akathibitisha hivyo kwa vichocho vya Afrika huko Misri mwaka 1915. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa, na bado kuna watu wanaouza hirizi za kuning'iniza bwawani.

Kwa hiyo wewe mwenye tangi la kioo, konokono walioanguliwa humo ndani hawawezi kumpa mtoto wako kichocho, maana hakuna anayejisaidia ndani ya tangi. Hatari ni yule mkubwa aliyetoka mtoni akiwa tayari ameambukizwa. Huyo mtoe kwa mfuko wa plastiki mkononi, mponde, umfukie. Na samaki halali wa kula. Kichocho hakiingii kwa kula samaki aliyepikwa, hata kama bwawa lake limejaa konokono mpaka ukingoni. Kinaingia kwa ngozi ya aliyeingia majini kumvua.

Sumu, basi. Sulfati ya shaba, ule unga wa bluu, huua konokono, lakini huua na tilapia. Niklosamide, dawa ya konokono inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, nayo huua samaki. Mwaka 1964 Mhabeshi Aklilu Lemma aliona konokono waliokufa chini ya mahali wanawake wa Adwa walipokuwa wakifulia nguo kwa matunda ya Phytolacca dodecandra, mmea unaoota pia katika milima yetu ya Kivu. Ugunduzi ule ulikuwa mkubwa na unastahili heshima zote, lakini mmea huohuo ni sumu ya samaki. Anayekuuzia chupa ya majani akisema inachagua konokono na kuacha samaki, mwambie aitie kwanza kwenye bwawa lake.

Kinachoamua idadi ya konokono ni chakula. Katika tangi la sebuleni wanalipuka kwa sababu unatupia pumba kuliko samaki wanavyomaliza. Bwawani wanalipuka kwa sababu ya samadi inayolisha mwani, na magugu yanayowapa meza na kitanda. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha hivyo kaskazini mwa Senegal: vijiji vilipong'oa magugu mahali pa kuchotea maji, konokono walipungua na watoto waliotibiwa waliambukizwa upya kichocho cha tumbo kwa kiwango kidogo zaidi. Magugu yaling'olewa yakawa mbolea na chakula cha mifugo. Hakuna tone la sumu lililomwagwa.

Wasomaji huuliza pia kama yupo samaki anayekula konokono. Yupo, na hatoki mbali. Astatoreochromis alluaudi anaishi Ziwa Victoria na pia katika bonde la Ziwa Edward. Kooni ana taya za pili, mifupa yenye meno bapa yanayosaga kombe kama kinu. Huko Kenya aliwahi kutiwa katika mabwawa ili apunguze konokono. Lakini mwaka 1965 Humphry Greenwood, aliyekuwa amefanya kazi ya utafiti wa samaki Jinja, aliandika jambo la ajabu: samaki hawa wakikuzwa ndani ya matangi kwa chakula laini, taya zile hazikomai. Mifupa inabaki myembamba na meno mapana yanakuwa machache. Kinu hujengwa na kusaga kwenyewe. Msuli unavuta mfupa, mfupa unanenepa kadiri unavyovutwa. Samaki huyu alipopelekwa kaskazini mwa Cameroon, vizazi vilivyozaliwa kule vilipata chakula rahisi, taya zikawa nyepesi, na konokono wakapona. Ukimlisha pumba kila asubuhi umemnyang'anya silaha yake. Na tilapia wako hana kinu hicho kabisa. Meno yake ya kooni ni ya kusaga mwani.

Yaliyobaki ni mafupi. Choo kiwe mbali na bwawa, upande wa chini wa mteremko. Chimba kingo ziwe wima, ng'oa magugu kila siku ya salongo, kazi ya usafi wa pamoja, usitupie kinyesi kibichi cha watu hata kama mtu anakuahidi samaki wanono. Ukikausha bwawa, mwaga chokaa hai juu ya tope likiwa bado bichi, maana konokono hujificha humo wiki nyingi. Vaa buti ndefu. Maji ya kijito ya kuogea yakikaa siku mbili ndani ya pipa lisilo na konokono, serkaria wamekwisha kufa.

Na ikiwa mtoto ana damu chooni au tumbo linavimba, usimpeleke kwa anayetoa dawa ya kuharisha "ili minyoo itoke". Minyoo ya kichocho haikai ndani ya utumbo. Inakaa ndani ya mishipa ya damu, jike amelala katika mfereji wa mwili wa dume, na hakuna kuharisha kutakakowafikia huko. Mtoto ndiye anayeishiwa maji. Apimwe kinyesi kwenye kituo cha afya, apewe prazikwanteli kwa uzito wake, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Dawa hii haiui minyoo michanga. Kama alikuwa majini karibuni, muulize muuguzi tarehe ya kumrudisha kwa dozi ya pili.