SUMU INAYOUNGUZA MWILI KAMA HOMA

Tia chumvi kwenye maji. Huyeyuka. Tia chumvi kwenye mafuta ya kupikia. Haiyeyuki, huzama chini. Kwa nini? Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye umeme. Wataalamu huziita ioni. Ioni za chumvi hupatana na maji, hazipatani na mafuta.

Mwili wako umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ioni za chumvi haziwezi kupenya utando huo. Hupita kwenye milango maalumu tu.

Lakini ziko sumu zenye umeme ambazo hupita bila mlango. Mfano ni dinitrofenoli, unga wa rangi ya njano. Umeme wa ioni yake haukukaa mahali pamoja. Umetawanyika, ukawa hafifu. Kwa hiyo ioni hiyo huyeyuka katika mafuta na kuvuka.

Je, ikivuka kuna hasara gani? Ndani ya seli mna viwanda vidogo vinavyotumia chakula kutupatia nguvu. Viwanda hivyo husukuma ioni za haidrojeni upande mmoja wa utando, kama maji yanavyokusanywa katika bwawa la Kidatu. Ioni zikirudi kupitia mtambo wake, mwili hupata nguvu. Sasa dinitrofenoli hupakia haidrojeni, huvuka nayo, huishusha, kisha hurudi kuchukua nyingine. Bwawa linavuja! Chakula kinaungua, nguvu haipatikani, linabaki joto tu. Ni sawa na kuchochea kuni jikoni bila chungu.

Mwaka 1933 madaktari wa California, Marekani, walianza kuwapa watu sumu hii ili wapunguze unene. Walikonda kweli. Lakini wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho, na wengine walikufa. Mwaka 1938 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa haifai kwa binadamu. Hata hivyo, mpaka leo wako watu wanaoiuza kama dawa ya kukonda. Usiinunue.

Ndugu yake, dinitrokresoli, ilitumika kuua wadudu na magugu mashambani. Hiyo hupita hata kwenye ngozi.

Dalili zake ni hizi: joto kali, jasho jingi, kiu, kuhema upesi na moyo kwenda mbio. Mara nyingine ngozi huwa ya njano. Mtu aliyeshika dawa ya shambani akipata dalili hizi, usidhani ni malaria tu. Fanya hivi:

1. Mvue nguo zenye dawa. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usiiguse dawa hiyo kwa mikono mitupu.
2. Mpoze kwa maji na kumpepea.
3. Usimpe aspirini. Huongeza madhara.
4. Mpeleke hospitali upesi. Chukua na chombo cha dawa ili daktari akione.

Usingoje kesho. Sumu hii haina dawa ya kuizima. Kinachookoa ni kupoza mwili mapema na uangalizi wa hospitali.